Jina la Jiwe na Nuru ya Leza: Historia ya Utambuzi wa Vito na Maana Yake kwa Leksikografia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila jina la jiwe ni dai. Sonara anayemwambia mnunuzi kwamba pete fulani ina yakuti anadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba liko kundi la mawe liitwalo yakuti, na kwamba jiwe lililo mbele ya mnunuzi ni mojawapo ya mawe ya kundi hilo. Dai la kwanza ni la lugha, la pili ni la maumbile. Kwa karne nyingi madai hayo yalipimwa kwa jicho, kwa uzito na kwa ugumu, na mara nyingi kulithibitisha jiwe kulikuwa ni kulijeruhi: kulikwaruza, kulivunja ncha, kulitia motoni au kulimwagia tindikali. Katika karne ya 20 ilipatikana njia nyingine. Mwali mwembamba wa leza huelekezwa kwenye jiwe, nuru inayorudi huchambuliwa, na katika muda wa sekunde au dakika chache jiwe hutambulikana bila kupoteza hata chembe.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya njia hiyo, ijulikanayo kama spektroskopia ya Raman, na kuuliza ina maana gani kwa mtaalamu wa Kiswahili. Swali hili si la pembeni. Kiswahili kimerithi msamiati mpana wa vito na madini kutoka katika biashara ya Bahari ya Hindi, na msamiati huo umebeba ndani yake elimu ya watu waliouunda. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba leza imeweka elimu hiyo kwenye mizani. Baadhi ya mipaka ya maana iliyochorwa na wazee imethibitishwa, mingine imevunjika, na mengine yamebaki nje ya uwezo wa chombo chenyewe. Mtunga kamusi hana budi kuyajua yote matatu kabla hajaandika fasili.

2.0 Urithi wa majina

Tukiacha maneno ya asili ya Kibantu kama jiwe, mchanga na chuma, sehemu kubwa ya msamiati wa vito katika Kiswahili imepitia Kiarabu. Hata neno madini limetoka huko, na neno johari limefika kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi. Hata hivyo, Kiarabu chenyewe kilikuwa kituo katika safari ndefu zaidi. Almasi, zumaridi na yakuti ni maneno ambayo Waarabu waliyapokea kutoka katika Kiyunani, ama moja kwa moja ama kupitia lugha jirani. Feruzi ni neno la Kiajemi linalohusiana na ushindi. Lulu, marijani na yakuti yamo katika Kurani, katika Sura ya Ar-Rahman, na kwa njia hiyo yalijulikana hata kwa Waswahili wengi ambao hawakuwahi kuvishika vito vyenyewe mkononi.

Safari ya neno yakuti ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Katika Kiyunani neno lililolizaa lilikuwa jina la ua na pia la jiwe lenye rangi ya kuelekea buluu. Lilipoingia Kiarabu likapanuka na kuwa jina la jamii nzima ya mawe magumu yenye kung'aa, ambayo yalitofautishwa kwa rangi: yakuti nyekundu, yakuti ya buluu, yakuti ya manjano na yakuti nyeupe. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likabaki na upana huo katika maandishi ya wasomi, ingawa msemaji wa kawaida alisikiapo yakuti mara nyingi huwaza rangi nyekundu. Lugha za Ulaya, kwa upande wao, zilikwenda njia tofauti: jiwe jekundu zikalipa jina moja na la buluu jina jingine, kana kwamba hayana udugu wowote.

Hapa pana mgongano wa kweli baina ya lugha. Ama Kiarabu na Kiswahili vimechanganya vitu viwili katika jina moja, ama lugha za Ulaya zimetenganisha kitu kimoja katika majina mawili. Sarufi haiwezi kuamua. Jibu limo ndani ya jiwe.

3.0 Al-Biruni na kipimo kisichojeruhi

Mtu aliyelikabili swali hilo kwa vipimo mapema kuliko wengi alikuwa Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973 na kufanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake chini ya masultani wa Ghazna. Katika miaka yake ya mwisho aliandika kitabu kikubwa juu ya vito, kiitwacho kwa kifupi Al-Jamahir, kwa ajili ya Sultani Mawdud aliyetawala kuanzia mwaka 1041.

Al-Biruni hakuridhika na masimulizi. Ilisadikiwa wakati wake kwamba nyoka akitazama zumaridi macho yake huyeyuka. Yeye alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamwekea zumaridi mbele yake, akarudia jambo hilo kwa miezi kadhaa, wakati wa joto na wakati wa baridi, akaripoti kwamba macho ya nyoka hayakupatwa na lolote. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya kuchekesha, lakini thamani yake ni kubwa kuliko kicheko: kinaonyesha mwanachuoni aliyekataa kuliacha jina la jiwe libebe sifa ambazo jiwe lenyewe halina.

Muhimu zaidi ni kazi yake ya uzito. Alitengeneza chombo cha kupimia kiasi cha maji yanayomwagika jiwe linapotumbukizwa, kisha akalinganisha uzito wa mawe yenye ujazo mmoja. Yakuti ya buluu aliifanya kuwa kipimo cha kulinganishia vito vingine. Kwa njia hiyo jiwe lilipimwa likarudishwa kwa mwenyewe likiwa zima. Matokeo yake yalionyesha kwamba yakuti za rangi mbalimbali zina uzito unaokaribiana sana, ilhali jiwe jingine jekundu lililotoka Badakhshan, ambalo wafanyabiashara walilifananisha na yakuti, lilikuwa jepesi zaidi. Jiwe hilo Waajemi na Waarabu walilipa jina lake, la'l. Jina hilo halikuenea katika Kiswahili cha kawaida, na pengo hilo litaonekana kuwa na athari hapo mbele.

Ulaya ilichelewa kulipokea jambo hili. Ni mwaka 1783 ndipo mtaalamu wa fuwele Mfaransa, Jean-Baptiste Romé de l'Isle, alipolitenga rasmi jiwe la namna hiyo, liitwalo leo spineli, na yakuti nyekundu. Kufikia hapo mawe kadhaa mashuhuri yalikuwa yamekwisha kupachikwa katika mataji ya wafalme kwa jina lisilo lake. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, ambalo kwa karne nyingi limeitwa yakuti ya Mwana wa Mfalme Mweusi, ni spineli.

4.0 Swali la rangi ya bahari

Uzito hutofautisha, lakini hauelezi. Mawe mawili yenye asili tofauti yanaweza kukaribiana kwa uzito, na kito kilichokwisha kufungwa ndani ya pete hakiwezi kutumbukizwa majini peke yake. Njia ya kuliuliza jiwe moja kwa moja limeundwa na nini, bila kuligusa, ilitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia: katika mjadala juu ya rangi ya bahari.

Mwaka 1921 mwanafizikia Mhindi Chandrasekhara Venkata Raman, aliyekuwa akifundisha Calcutta, alisafiri kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza. Alipokuwa melini alivutiwa na ubuluu wa Bahari ya Mediterania. Maelezo yaliyokubalika wakati huo, yaliyotolewa na Lord Rayleigh, yalisema kwamba bahari inaakisi tu rangi ya mbingu. Raman hakukubali. Kwa kutumia kifaa kidogo cha kuondolea mwako wa juu ya maji alionyesha kwamba maji yenyewe yanatawanya nuru. Kuanzia hapo yeye na wanafunzi wake walijishughulisha na swali moja: nuru inapoingia ndani ya kitu ikatoka, inatoka na habari gani?

Tarehe 28 Februari 1928, katika maabara ya Calcutta, Raman akishirikiana na K. S. Krishnan alipata jibu. Nuru yenye rangi moja ikipita katika kimiminika safi, sehemu kubwa ya nuru inayotawanyika hutoka na rangi ile ile iliyoingia nayo. Lakini sehemu ndogo mno, takriban chembe moja ya nuru katika kila milioni kumi, hutoka ikiwa imebadilika rangi kidogo. Tofauti hiyo hutokana na mitetemo ya atomu zilizoungana ndani ya kitu. Nuru huiachia molekuli nishati kidogo, au huichukua kutoka kwake, na kiasi kinachopungua au kuongezeka hakitegemei bahati bali aina ya atomu, uzito wake na jinsi zilivyofungamana. Mwaka huo huo Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam waliliona jambo hilo hilo huko Moscow katika fuwele za kwatzi. Raman alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 1930.

Kwa mwanaisimu mfano ulio karibu ni ule wa sauti. Ngoma mbili zilizowambwa kwa ngozi tofauti zikipigwa kwa mkono mmoja hutoa milio tofauti, na mwenye sikio huzitambua bila kuzipasua. Nuru ndiyo mkono unaopiga, na mitetemo ya atomu ndiyo mlio. Kila madini yana mlio wake, nao huandikwa kwa namba. Almasi hutoa mstari mmoja mkali kwenye namba 1332. Kwatzi ina mstari wake mkuu karibu na 464, na kalisaiti karibu na 1086. Namba hizo hazitegemei rangi ya jiwe, umbo lake wala ustadi wa aliyelichonga.

5.0 Yakuti iliyozaa leza

Ugunduzi wa Raman ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: nuru iliyobadilika ilikuwa hafifu mno. Raman alianza na mwanga wa jua, kisha akatumia taa ya mvuke wa zebaki, na picha moja iliweza kuhitaji saa nyingi za kusubiri gizani. Jiwe dogo lenye rangi nzito halikuweza kupimwa kwa njia hiyo kwa urahisi. Kwa takriban miaka 30 spektroskopia ya Raman ikabaki kazi ya wakemia wenye vimiminika safi na subira nyingi.

Mabadiliko yalikuja tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu katika jimbo la California, pale Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza. Moyo wa chombo hicho ulikuwa fimbo ndogo ya yakuti nyekundu iliyotengenezwa na binadamu. Atomu chache za kromiamu, ambazo ndizo zinazoipa yakuti wekundu wake, zilichochewa kwa mwako wa taa kali, zikatoa mwali wa rangi moja tu, mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. Hivyo kito ambacho watu walihangaika kukitambua kwa zaidi ya miaka elfu kiligeuka kuwa chanzo cha nuru ya kuvitambulia vito vingine.

Miaka miwili baadaye leza ilikuwa imekwisha kutumiwa katika vipimo vya Raman, na muda si mrefu leza za gesi zilichukua nafasi ya yakuti. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa Lille, Ufaransa, na wenzao wa Marekani waliunganisha leza na hadubini, na tangu hapo punje isiyozidi elfu chache za milimita ikaweza kupimwa peke yake ndani ya jiwe kubwa. Katika miongo iliyofuata kompyuta zilihifadhi hazina za mistari ya maelfu ya madini, ambazo mtafiti yeyote anaweza kulinganisha nazo, na vyombo vikapungua hadi kushikika mkononi. Gari la utafiti liitwalo Perseverance, lililotua katika sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021, limebeba vyombo viwili vya aina hii. Mawe ya huko yanasomwa kwa leza pasipo mkono wa mtu kuyagusa.

6.0 Ushahidi wa maandishi na wa ushanga

Wanahistoria na wahifadhi wa nyaraka walitambua mapema faida ya chombo kisichoharibu. Mfano mashuhuri ni ramani iitwayo Vinland, iliyotangazwa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1965 kuwa ya karne ya 15 na kuonyesha pwani ya Amerika kabla ya Columbus. Mwaka 2002 wataalamu wa London waliipima kwa leza. Mistari yake ilikuwa na rangi nyeusi ya kaboni juu ya ukanda wa manjano, na ndani ya manjano hiyo ilionekana anatase, aina ya oksidi ya titani ambayo ilianza kutengenezwa viwandani kwa ajili ya rangi katika karne ya 20. Uchunguzi zaidi wa Yale yenyewe ulihitimishwa mwaka 2021 kwa tamko kwamba ramani hiyo ni ya kughushi. Hakuna neno lililofutwa wala ngozi iliyokatwa katika kipimo hicho cha leza. Kwa yeyote anayeshughulika na hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo nyingi ni nakala pekee, somo ni bayana: wino unaweza kuhojiwa bila kuuawa.

Karibu zaidi na pwani yetu ni suala la ushanga. Ushanga wa kioo umefukuliwa kwa wingi katika miji ya kale ya Waswahili na katika miji ya bara iliyofanya nayo biashara, ikiwemo Mapungubwe iliyo kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo. Watafiti wa Pretoria na Paris waliupima ushanga wa Mapungubwe kwa Raman, wakaonyesha kwamba manjano yake ilitokana na kiungo cha risasi na bati. Aidha, baadhi ya punje zilizohesabiwa kuwa za kale zilikutwa na rangi za viwandani za nyakati za karibuni, kumaanisha kwamba zilichanganyika na zile za kale baadaye. Bila kipimo hicho punje hizo zingeendelea kuhesabiwa kama ushahidi wa biashara ya karne ya 13.

Njia nyingine ya leza, ambayo huchoma kishimo kidogo kisichoonekana kwa jicho na kuupima mvuke wake, imetumika kwa ushanga wa Unguja Ukuu na Fukuchani, kisiwani Unguja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya ushanga huo wa milenia ya kwanza ulikuwa wa kioo cha Asia ya Kusini, kilichotengenezwa kwa mchanga wenye alumini nyingi pamoja na magadi ya asili, na sehemu nyingine ilikuwa ya kioo cha majivu ya mimea kilichotoka upande wa Mashariki ya Kati. Wanaisimu wamezoea kuutafuta uhusiano wa pwani na Uhindi katika maneno ya mkopo. Hapa uhusiano huo umehifadhiwa ndani ya punje isiyozidi ukubwa wa mtama, tena kwa karne ambazo hazikutuachia maandishi ya Kiswahili.

7.0 Majina ya Kiswahili mbele ya leza

Sasa inawezekana kulirudia swali la sehemu ya pili. Yakuti nyekundu na yakuti ya buluu zikiwekwa chini ya leza hutoa mistari ile ile ya mitetemo, mkubwa wao ukiwa karibu na namba 418. Zote mbili ni korundumu, yaani alumini na oksijeni. Wekundu ni wa kromiamu kidogo, ubuluu ni wa chuma na titani kidogo. Kwa hiyo jina moja la Kiarabu na Kiswahili halikuwa mchanganyiko wala upungufu wa msamiati. Lilifuata undugu wa jiwe, wakati majina ya Ulaya yalifuata rangi. Mtafsiri anayedhani kwamba Kiswahili ni maskini kwa kutumia yakuti mahali pa majina mawili ya Kiingereza anapaswa kulifikiria upya jambo hilo.

Mfano wa pili ni wa matunda ya bahari. Kiingereza huita kwa jina moja marijani, ile nyekundu ya kutunga shanga, na matumbawe ambayo Waswahili waliyachonga kujengea misikiti na nyumba. Kiswahili kimeyapa majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Leza inaunga mkono utengano huo. Marijani nyekundu ya thamani ni kalisaiti, ilhali mifupa ya matumbawe yanayojenga miamba ya bahari zetu ni aragonaiti. Viwili hivyo vina viungo vile vile vya chokaa, lakini atomu zake zimepangwa kwa mpango tofauti, na mlio wake ni tofauti. Lulu nayo kwa sehemu kubwa ni aragonaiti, kwa hiyo kwa maumbile iko karibu na tumbawe la ukutani kuliko na marijani inayotungwa nayo katika mkufu mmoja.

Hata hivyo, haifai kuigeuza leza kuwa wakili wa lugha yetu. Upo upande ambao jina la Kiswahili limeshindwa. Kwa kuwa jina la la'l halikufika, spineli nyekundu ilikosa mahali pa kukaa ikaingizwa katika yakuti. Jambo hili lingekuwa dogo kama si kwamba Tanzania yenyewe ni nchi ya spineli. Mwaka 2007 huko Mahenge, mkoani Morogoro, zilipatikana fuwele kubwa mno za spineli, mojawapo ikiwa na uzito wa kilo 52. Mchimbaji mdogo anayeuza spineli kwa jina la yakuti anaweza kushtakiwa kwa udanganyifu ambao hakuukusudia. Anayeuza yakuti kwa bei ya spineli kwa kuwa dalali amemwambia hivyo hupoteza jasho la miezi. Katika soko la vito upungufu wa neno una bei yake, na anayeilipa kwa kawaida si dalali.

Historia ya tanzanaiti inaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Jiwe hilo la buluu lilipotokea Mirerani mwaka 1967 lilidhaniwa kuwa olivini, kisha likadhaniwa kuwa dumotieriti, kabla ya kutambuliwa kuwa zoisaiti. Mtaalamu wa jiolojia wa serikali aliyekuwa Dodoma hutajwa kuwa wa kwanza kulitambua kwa usahihi. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililibatiza jina la nchi, kwa kuwa zoisaiti kwa masikio ya Mwingereza inakaribia mno neno la kujiua. Jina la kitaalamu likashindwa na jina la soko kwa sababu za kifonolojia. Kaskazini zaidi, huko Longido, liko jiwe ambalo ndani yake yakuti nyekundu imelala juu ya zoisaiti ya kijani. Jiwe hilo huitwa anyoliti, kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Hivyo katika mkoa mmoja wa Arusha na jirani yake Manyara zinakutana njia tatu za kuita jiwe: ya urithi wa Kiarabu, ya soko la Marekani na ya lugha ya wenyeji. Leza, kwa upande wake, inaona korundumu na zoisaiti tu.

8.0 Mipaka ya chombo

Chombo chochote kinachosifiwa bila kutajwa mipaka yake hugeuka ushirikina. Kwanza, leza hutambua kitu, haitambui kila mara asili yake. Almasi ya Mwadui na almasi iliyokuzwa maabarani hutoa mstari ule ule wa 1332, na kuzitenganisha kunahitaji ushahidi mwingine. Pili, metali safi kama dhahabu, fedha na shaba hazina mlio wa Raman, kwa hiyo sonara mwenye jiwe lake la kuchulia dhahabu hajanyang'anywa kazi na nuru hii. Tatu, baadhi ya mawe na rangi hung'aa zenyewe yanapomulikwa, na mng'ao huo hufunika mistari inayotafutwa. Nne, sifa ya kutoharibu ina masharti. Mwali ukizidishwa nguvu huweza kuunguza rangi za kale, hasa zile za risasi na zile za giza. Kutodhuru kumo katika busara ya mpimaji kuliko katika chombo.

Mpaka wa tano ni wa lugha, nao ndio mkubwa kuliko yote kwa wasomaji wa mhadhara huu. Leza haitoi majina. Inatoa namba, na namba hiyo hulinganishwa na orodha ambayo watu wameiandaa kwa lugha wanazozijua. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilithibitisha kwamba lugha hii inaweza kubeba istilahi za sayansi. Eneo la vito na madini linahitaji juhudi ya namna hiyo hiyo.

9.0 Hitimisho

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Katika elimu ya vito jina jema ni lile linalobaki kweli hata jiwe likiondolewa rangi yake, soko lake na hadithi yake. Kwa kipimo hicho yakuti, marijani na matumbawe yamefaulu, na matumizi ya yakuti kwa spineli hayakufaulu.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na historia hii. Mosi, fasili ya jina la kito katika kamusi haitoshi ikitaja rangi pekee. Inapaswa kutaja madini yenyewe, na papo hapo kuhifadhi matumizi ya watu, kwa kuwa matumizi nayo ni ushahidi. Pili, istilahi kama spineli na zoisaiti, ambazo wachimbaji na madalali huzitumia kila siku, zikusanywe kutoka vinywani mwao huko Mahenge, Tunduru na Mirerani kabla kamati haijakaa kubuni nyingine. Tatu, wanafunzi wa fasihi ya kale na wa historia ya pwani wajifunze kufanya kazi bega kwa bega na wanafizikia, kwa sababu hati, ushanga na hirizi zilizomo katika makumbusho na majumbani mwa watu zina habari ambayo jicho la msomaji peke yake haliwezi kuifikia.

Al-Biruni alimrudishia mwenye jiwe jiwe lake likiwa zima, pamoja na jina lake la kweli. Mchimbaji wa Mahenge anastahili kufanyiwa hivyo hivyo, na kwa lugha anayoielewa.